Mteja Tarajiwa wa Idodi

Kihesa, Alhamisi

"Mimi nakusalimia, wewe unaniuzia vikapu." Maneno ya dada yangu bado yananichoma.

Neema, mpwa wangu anayenitangazia vikapu mtandaoni, alinieleza wiki iliyopita kwamba mteja tarajiwa ni mtu aliyeonyesha nia ila hajanunua. "Ukichelewa kumjibu, shangazi, anahamia kwa mwingine. Na wewe unachelewa, maana unasalimia mpaka ng'ombe wa kwao."

Kweli nasalimia. Mtu nimtajie bei kabla sijajua kaamkaje? Basi Neema akaweka kwenye simu yangu jibu linalojituma lenyewe.

Leo asubuhi nilikuwa uani naloweka milulu, nyasi za kusukia vikapu, simu iko ndani. Dada akaandika kutoka Idodi, akianza na salamu ya kwetu: "Kamwene. Mama kaamka na homa kali." Simu ikamjibu: "Asante, mteja wetu! Vikapu vya rangi zote vipo." Akaandika tena. Ikamjibu vilevile.

Nilipoziona zile meseji, nilitafuta namba ya dada hapohapo. Nikapiga. Kumbe mama ameshapewa dawa, homa imeshuka, anakunywa uji. Ashukuriwe Mungu.

Lile jibu nimelizima. Neema anune tu.

Kabla ya kukata simu niliomba niongee na mama, nimejiandaa kugombezwa.

"Hivyo vikapu unavyoniuzia," akasema taratibu, "si ndivyo nilivyokufundisha kusuka?"

"Ndivyo, mama."

"Haya, niwekee kimoja. Ila ukilete mwenyewe."