Mwaka Niliokuomba, Papa

Papa yangu,

Nakuandikia nikiwa hapa nyumbani Bel-Air, barazani, mahali ulipozoea kuvulia viatu baada ya kazi. Kuna habari ambayo wewe ulipaswa kuisikia kabla ya mtu mwingine yeyote, na imekupita. Siwezi kukaa nayo peke yangu.

Ulianza kuniita Docteur nilipokuwa mwaka wa kwanza, hata presha sijui kupima. Siku ile depoti, dukani kwako, katikati ya vikapu vya samaki wa Kasenga, ulimwambia mteja wako mmoja, "Uyu njo docteur yetu," na yule mama akapandisha kitenge chake pale pale kunionyesha goti lililovimba. Nilitamani ardhi inimeze. Wewe ulicheka tu. "Anza kuzoea," ulisema.

Kisha profesa wangu akanitaka niache masomo mwaka mzima, nifanye utafiti katika maabara yake juu ya ule ugonjwa wa damu tunaouita SS. Jioni hiyo nilikueleza kila kitu: wenzangu wataendelea, mimi nitabaki nyuma yao. Uliuliza, "Ni ile ugonjwa ya Jeannot?"

Nilisema ndiyo. Jeannot, mdogo wangu, tulimzika kabla hajaanza shule, na tangu hapo ulikuwa hulitaji jina lake.

"Basi enda," ulisema. "Mwaka moya haiue muntu."

Nikaenda. Mtaani kwetu, mtu asiyepanda darasa pamoja na wenzake ameanguka, hakuna maneno mawili. Jirani alikuuliza kama docteur wako amerudia mwaka. Ukamjibu kwamba hapana, niko kwenye utafiti, natafuta. Naye akasema, "Anatafuta nini iyo, mwaka muzima haionekane?" Ulitusimulia hayo mezani huku ukicheka, lakini ugali wako uliuacha nusu.

Siku wenzangu waliofaulu walipokuwa wakisomewa majina, nilikuwa maabarani. Unajua mwenyewe: siku hiyo familia huenda chuoni na poda, na mtoto aliyefaulu humwagiwa mpaka nywele zinakuwa nyeupe kama za bibi kizee. Mlango ukafunguliwa, ukaingia wewe, na suti yako ya harusi, na kopo la poda mkononi. Kopo lilikuwa bado halijafunguliwa.

"Nilisikiliza mpaka mwisho," ulisema. "Jina yako habakuisoma."

Hukuwa umesahau kwamba nimeacha masomo. Ila ulifikiri kwamba mtu aliyechaguliwa kwa kazi kubwa kuliko ya wenzake hawezi kukosa kutajwa. Ulidhani watanitaja wa kwanza. Walipoanza na wengine, ukadhani wamenihifadhi kwa mwisho. Nilikueleza tena, polepole, na kila neno lilinichoma. Ulitikisa kichwa.

"Ni mwaka kesho, alors. Haina mambo. Nionyeshe kazi yako."

Nikakuketisha mbele ya mikroskopu. Nilikuwa nimeweka damu ya mtoto mwenye SS, chembe zake zimepinda kama mundu. Uliinama ukaangalia kwa muda mrefu, mpaka nikadhani huoni kitu.

"Njo ivi ilikuwa ndani ya mutoto yangu?"

"Ndiyo, Papa."

Ulijifuta uso kwa mkono wa suti, ukanishukuru kama mtu anavyomshukuru mganga asiyemjua, ukaondoka.

Huo mwaka kesho hukuufikia. Mvua zilikuwa ndiyo zinaanza. Asubuhi, lori la samaki likishushwa mzigo, moyo wako ulisimama. Walipofika na wewe hospitali, hapakuwa na la kufanya, na mimi ni mwanafunzi tu, nilisimama ukutani pamoja na jamaa wengine nikilia.

Kwenye kilio watu waliniambia kazi ya Mungu haina makosa. Niliitikia, lakini moyoni nilikataa, na bado nakataa. Kama ningeendelea na wenzangu, ungenimwagia poda kwa mikono yako mwenyewe. Hesabu hiyo nimeipiga kila upande na jibu ni lile lile. Lakini bila mwaka ule usingeketi mbele ya ile mikroskopu, usingekiona kwa macho yako kilichomuua mwanao. Ukiniuliza ningechagua lipi, Papa, sijui. Nakukumbuka sana, na sijui.

Sasa habari yenyewe. Jumamosi ilikuwa zamu yangu ya kusomewa jina. Ukumbi ulijaa, watu wamepanda hadi madirishani. Mwalimu aliyekuwa akisoma hakufupisha jina la mtu. Aliyasoma majina yangu yote matatu, na la katikati ni lako, lile ulilonipa siku niliyozaliwa. Alilitamka vizuri, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. Mama alinishika mkono.

"Bamemuita na yeye," alisema.

Watu walikuwa wakinisukuma nisimame, wakidhani sikusikia. Nilisikia. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa nakungoja wewe uitike.

Pumzika, Papa.

Ni mimi, binti yako.