Dakika Kumi na Moja za Sauti ya Mzee Kanyoni

Mibirizi, Jumapili baada ya misa

Tonton,

Nimekuta kikohozi. Nakuambia hilo kabla ya salamu, kwa sababu nikianza na salamu nitalia na barua haitafika mwisho.

Ni kikohozi cha mwanamume aliyekaa karibu na kinasa sauti, siku ile Mzee Kanyoni alipokuwa akitafsiri filamu ya ndugu wawili katika sale ya video, ule ukumbi wa sinema wa Muganza. Kinasikika mwanzoni mwa kile kipande ulichoniambia umekipata Bukavu. Kinasikika tena sekunde arobaini baadaye. Halafu tena. Mara kumi na sita, Tonton, na kila mara mtoto yule yule analia baada yake, na kiti kile kile kinaburutwa.

Wewe, mjomba wangu, ndiye uliyenifundisha kuangalia hivyo. "Muntu hawezi kohola mara mbili sawasawa," ulisema, ukinionyesha milima midogo ya sauti kwenye kioo cha kompyuta. "Ukiona bikohozi biwili biko mapacha, ujue kuna muntu alishona."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilidhani unanifundisha kuwakamata waongo wengine.

Ngoja nikupe habari za nyumbani kwanza. Tantine, mjane wako, anaendelea vizuri, isipokuwa bado anapika chakula cha watu wanne, kana kwamba hakuna aliyeondoka. Kompyuta yako alinipa mimi. Alisema, "Chukua hiyo mashini yako, mimi hata kuiwasha sijui, na usipoichukua panya wataifanya nyumba." Nimeiweka juu ya meza yako ile ile, karibu na dirisha, na nikirudi likizo ninakaa hapo. Vipokea sauti bado vina alama ya kichwa chako, mimi vinanilegea.

Siku ya maziko watu wa kundi letu la filamu za zamani walituma ujumbe, nikausoma mimi mbele ya wote. Waliandika kwamba ulikuwa mtu mwaminifu, na kwamba kila filamu iliyopita mikononi mwako ilitoka na ukweli wake wote. Nilisoma kwa sauti nzuri, kama ninavyosoma kanisani. Halafu Maman Espe akasimama. Alikuwa ametoka Muganza na kitenge cheusi. Aliweka mkono juu ya sanduku lako akasema, "Huyu alinirudishia papa yangu." Basi. Akakaa.

Nilijivuna, Tonton. Nilijivuna mbele ya kaburi.

Unakumbuka siku alipotuletea zile kanda? Alizibeba katika mfuko wa mchele, kanda saba za sauti, zimefungwa kwa mpira. Alituambia jinsi baba yake, Mzee Kanyoni, alivyokuwa akisimama kando ya televisheni na kipaza sauti, akiwatafsiria wafanyakazi wa saruji maneno ya Kihindi kwa Kiswahili chetu, na jinsi alivyokuwa akisimamisha hadithi katikati ili kuwasalimu watu. Ndiyo iliyokuwa desturi ya watafsiri. Shujaa anakimbizwa, bunduki zinalia, naye anasema, "Nasalimia Shofere Bizi, mwenye lori yake imelala pale njiani sababu yake mwenyewe alilala." Ukumbi wote unacheka. Maman Espe alikuwa bado Espe tu wakati huo, mtoto akiuza karanga mlangoni. "Alisalimia kila muntu," alituambia. "Hata mbuzi ya jirani alisalimia. Mimi, hapana. Hata siku moja." Alisema akicheka, lakini aliufunga tena ule mfuko ambao tayari ulikuwa mtupu.

Nilikuwepo. Nilisikia. Wewe pia ulisikia, na sasa najua ulisikia kupita mimi.

Tulifanya kazi ile kwa likizo tatu. Picha tulikuwa nayo safi, mtu wa kundi alitupa. Sauti ndiyo ilikuwa mgonjwa. Jenereta ya sale ilikuwa ikichoka na kuamka, kwa hiyo Mzee Kanyoni mara anakimbia, mara anavuta maneno kama mlevi. Ulinifundisha kupiga misumari. Tafuta mlango unaofungwa kwenye picha, utafute kishindo chake kwenye kanda, uvikutanishe: msumari wa kwanza. Tafuta kofi, tafuta risasi. Kati ya msumari na msumari, vuta sauti polepole mpaka mdomo na neno vikae pamoja. Nilipiga misumari mia mbili na kitu. Kuna siku nilisafisha mvumo wa jenereta mpaka Mzee akawa kama anaongea kutoka ndani ya chupa, ukanirudisha mwanzo. "Umemukata pumzi. Muntu bila pumzi ni redio." Tangu siku hiyo sijakata pumzi ya mtu.

Halafu tukafika kwenye kanda ya tano, ile iliyotafunwa na mashine zamani. Dakika kumi na moja hazikuwepo. Mimi nilishaandika katika karatasi ya maelezo kama ulivyonifundisha: "Hapa kanda imekatika. Tumeacha kimya." Ulikuwa umesema kanuni yetu ni hiyo. Shimo liachwe shimo, kwa sababu mtu akiona shimo anaweza kuja na kipande, lakini akiona limefunikwa atapita zake.

Ndipo ukavuka daraja kwenda Bukavu kwa ajili ya dawa za kifua, ukarudi na flash. Ulisema kuna mzee ana nakala ya kanda ya tano, amekataa kuiachia, umeinakili pale pale kwake. Tulisikiliza pamoja. Mzee Kanyoni yule yule, kicheko chake cha puani kile kile, na katikati ya harusi ya kwenye filamu anasema: "Na ninasalimia binti yangu Espe, mwenye kukaa pale mulangoni na karanga zake. Bila yeye hii sale haina mulango."

Ulinitazama. Nilidhani unafurahi pamoja nami. Sasa najua ulikuwa ukipima kama nimeamini.

Ukaniambia niandike upya karatasi ya maelezo. "Wewe ndiye uko na mwandiko wa kusomeka." Nikaandika: "Kipande hiki kimetoka katika nakala ya pili, iliyopatikana Bukavu." Nikaweka jina langu chini. Halafu ukasema kifua kinakubana, niende mimi Muganza nikamsikilizishe Maman Espe. Nilikwenda na simu yako. Aliposikia jina lake alikaa chini kwenye vumbi na nguo yake safi. Alinishika uso kwa mikono miwili. Ulinituma nikaubebe uongo wako, Tonton, na nilioshwa uso kwa machozi ya mama wa watu, nami nikarudi nikiimba kwenye pikipiki.

Mwezi uliopita nilifungua kazi ile ili nitoe nakala ya mwisho, safi, kwa ukumbusho wako. Ilikuwa mchana, mvua inapiga mabati, nimevaa vipokea sauti. Nikaona mapacha. Nikafikiri mzee wa Bukavu ndiye aliyeshona, akakudanganya. Nilikutetea, unajua? Nilikutetea peke yangu ndani ya chumba. Halafu nikapunguza kelele za ukumbi ili nisikie vizuri kilicho chini yake, na kati ya neno na neno nikasikia pumzi. Ile yenye filimbi ndogo mwishoni. Nilikaa wiki sita kando ya kitanda chako nikiihesabu pumzi hiyo. Ningeitambua hata sokoni.

Sikulia. Nilikwenda kuchota maji, ingawa mapipa yalikuwa yamejaa.

Nimejiuliza kwa nini hukuniambia. Ungeniambia, "Josiane, yule mama ana kiu, tumpe neno moja tu." Ningekataa. Nadhani ndiyo sababu. Ulijua utakachojibiwa, kwa maana ulikuwa umenifundisha wewe mwenyewe kukijibu. Ukaona ni rahisi kunidanganya kuliko kubishana nami. Ulimhurumia Maman Espe, mimi ulinitumia. Hapo ndipo panaponiuma. Kama ungekuwa mtu mbaya ningeshamaliza kukukasirikia.

Nilikaa na jambo hilo wiki mbili shuleni. Nilikuwa ninaweza kunyamaza. Hakuna mwingine katika kundi anayejua pumzi yako. Lakini jina lililo chini ya karatasi ile ni langu, na kila usiku wa sala Sista anapotuambia tuutazame moyo, mimi ninaona mwandiko wangu.

Jumamosi ya juma lililopita niliomba ruhusa shuleni ya kwenda nyumbani, nikashuka Muganza kwanza. Maman Espe alikuwa anageuza mpunga juu ya shitingi, lile turubai la kuanikia, na barabarani malori ya saruji yanapita yakimwaga vumbi. Aliponiona alipiga kelele, "Karibu, mwalimu wa sinema! Umekuja kunisaidia ao umekuja kula?" Nilivua viatu nikaingia kwenye mpunga kumsaidia, maana sikuweza kusema nikiwa nimesimama mbele yake. Nikamwambia yote. Kikohozi, mtoto anayelia, pumzi. Nilisema vibaya, nilirudia rudia. Hakuacha kugeuza mpunga.

Mwishoni akauliza, "Na wewe, ulijua?"

Nikasema hapana.

"Lakini karatasi, ni wewe uliandika."

Nikasema ndiyo.

"Nilisikilizisha bajukuu," akasema. "Niliwaita wote, nikawaambia, munasikia? Babu yenu alikuwa ananiona. Sasa nitabaambia nini? Eh? Nibaambie fundi alinionea huruma?" Alisimama. Nilidhani atanipiga kwa ule ubao wa kugeuzia, na ningekubali. Akasema, "Nyinyi bantu ba mashini munachezea bantu." Alisema "nyinyi", Tonton. Mimi na wewe, pamoja.

Nilivaa viatu. Nilikuwa nimeshafika kwenye mfereji aliponiita.

"We mutoto! Mbele ya lile shimo, pale kanda inakatikia. Papa anasema nini mwisho? Ile ya kweli."

Nilikuwa ninaikumbuka, nimeipigia misumari mwenyewe. Nikamwambia: "Wewe mwenye kofia, toa kofia, ao ununue tiketi ya kofia."

Alicheka. Kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa, na kupitia puani. Akajifuta kwa ncha ya kitenge. "Hiyo ndiyo papa," akasema. "Ile ingine, toa. Kama hakunisalimia, basi hakunisalimia." Kisha akarudi kwenye mpunga wake, na hakuniaga.

Nimetoa. Sasa ile harusi inapita kimya, wapiga ngoma wanapiga bila mlio, na chini nimeandika kwamba kanda imekatika. Karatasi nimeiandika upya. Nimeandika kwamba maelezo ya nakala ya Bukavu yalikuwa ya uongo, kwamba sauti ile ilikuwa yako, na kwamba mimi niliyatia jina langu bila kuyahakikisha. Kabla sijaituma nilimsomea Tantine. Akauliza, "Ndiyo siku zile alikuwa ananifukuza nyumbani niende sokoni hata kama hatuna cha kununua?" Tukatazamana. Karibu tucheke.

Kundi limegawanyika. Mmoja ameandika kwamba mtoto anamvua nguo marehemu. Mwingine amesema afadhali uongo mtamu kuliko shimo. Wawili wametoka bila kuaga. Nilisoma yote nikatamani kukuuliza nijibu nini, na nikakumbuka kwamba ni wewe tunayekujadili. Huo nao ni upweke wa aina yake, kumkosa mtu ambaye humwamini.

Lakini jana mwanamume mmoja wa Bukavu aliniandikia. Hanijui. Anasema marehemu kaka yake alikuwa shofere wa lori la saruji, na alikuwa akinunua kanda za Mzee Kanyoni ili azisikilize njiani. Kuna gunia la kanda hizo darini kwao, hakuna aliyelifungua. Hajui kama ni nzima. Asingeandika, Tonton, kama asingeona shimo.

Zile dakika kumi na moja sikuzifuta. Nimeziweka peke yake, nimezipa jina lako kamili na kuandika kwamba ni wewe unayeongea. Hakuna mahali pengine sauti yako ilipobaki. Miaka yote ulikaa nyuma ya mashine. Nimesikiliza mara moja tu. Unafanya kicheko cha puani, halafu unapotea kidogo, unavuta pumzi, unaanza tena. Ulifanya kazi nzuri sana. Ninasema hivyo na meno yangu yameumana.

Likizo ya Pasaka nitavuka daraja na Tantine kwenda kulitazama hilo gunia. Ninakuahidi hivi. Kanda ya tano ikipatikana, nitaipigia misumari yote mimi mwenyewe, bila kukata pumzi ya mtu. Kama Mzee Kanyoni anamsalimia binti yake, nitakwenda Muganza mbio. Kama anamsalimia shofere na mbuzi na mwenye kofia, na Espe anampita, nitakwenda pia, nitakaa naye kwenye shitingi, na nitampa kama ilivyo.

Pumzika, Tonton wangu. Bado nimekukasirikia, na kesho nitakuombea misa.

Josiane