Kadi Yako na Wasichana wa Ngolo

Mjukuu wangu Tumaini,

Marahaba. Hapa Mbuji tu wazima, na mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike.

Unauliza kadi ya grafiki inaishindaje prosesa ya kompyuta, yenye akili zaidi, katika kusafisha picha.

Nilipokuwa msichana, shangazi yangu, bingwa wa kuchimba ngolo, yale mashimo ya kilimo yanayojaza mteremko wetu, alitucheka wasichana ishirini: "Ninyi mtaharibu tu!" Nikampa kila mmoja shimo lake, kazi ileile, bila kumsubiri mwenzake. Shangazi, akichimba peke yake upande wa pili, alikuwa bado mstari wa tatu sisi tulipomaliza upande wetu wote.

Picha nayo ni vinukta vya rangi, kila kimoja kama shimo; prosesa ni shangazi, na kadi yako ina wasichana maelfu.

Siku ile shangazi alishika kiuno, akauliza, "Nani kawapanga hawa?"

Mimi, bibi yako!