Skripti Imekuwa Safi

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeshinda! Kikao kizima kimepitisha Viwango vyangu vya Uandishi wa Skripti, kurasa kumi na mbili, bila kupunguza hata nukta. Bosi hakuvisoma, lakini aliitikia kwa kichwa vizuri sana.

Skripti yenyewe ni ile programu fupi inayokusanya kazi yetu sote, inaijaribu, inaifunga kifurushi kimoja na kukituma kwa wateja. Hakuna kinachotoka ofisini bila kupitia humo. Na ni aibu tupu. Aliiandika Mkongwe, programa mwenzangu, enzi zile ofisi ilipokuwa chumba kimoja na feni moja. Mistari mirefu mpaka unasogeza skrini kuifuata. Kuna kitu humo kinaitwa x2, kingine kinaitwa basi_tena. Mahali fulani pameandikwa "usiguse" — nani asiguse, kwa nini, hakuna maelezo.

Sasa kuna mkaguzi. Ni programu ndogo niliyoitunga mwenyewe: inaisoma skripti kabla haijaanza kazi, na ikikuta mstari mrefu, jina bovu au nafasi isiyotakiwa, inagoma. Pia badiliko lolote la skripti lazima liidhinishwe na mtu wa pili. Sheria ya sita. Bosi akauliza, na kukiwa na dharura? Nikasema dharura ndiyo mlango wa uchafu. Nilipenda nilivyolisema.

Mkongwe alikuwa anamenya chungwa. Akasema sawa, Kamishna. Wote wakacheka. Nadhani jina limeshaganda.

Jumanne, 5 Machi

Dada amerudi kutoka kazini amenuna. Yeye yuko dirisha la mapokezi kwenye kliniki. Mimi nakaa kwake kwa muda tu, mpaka nipate pangu — muda wenyewe unaingia mwaka wa pili. Foleni ya kliniki inaendeshwa na programu yetu: mgonjwa anabonyeza mashine, anapewa karatasi ya namba, anasubiri kuitwa. Tangu wiki iliyopita, watu wakijaa, mashine inachanganyikiwa na kutoa tena namba ilizokwisha kutoa. Watu wawili, namba moja. Wanagombana mbele ya dirisha, na anayetukanwa ni dada.

"Mdogo wangu, hiyo mitambo yenu imelogwa?"

Nikamweleza kwamba hitilafu imeshajulikana, Mkongwe kairekebisha jana, ni mstari mmoja tu.

"Sasa mbona haijatufikia?"

Nikasema kuna taratibu. Akaniangalia, akanipakulia tena. Nilijisikia vibaya kidogo, halafu nikala.

Ukweli ni kwamba mstari wa Mkongwe uko tayari, ila skripti ya kuupeleka imegomewa na mkaguzi. Makosa mia tatu na ushee! Bosi anauliza kama tunaweza kumzima mkaguzi kidogo. Siku ya pili tu? Nimekataa. Nitaisafisha mwenyewe.

Jumatano, 6 Machi

Nasafisha tangu asubuhi. Raha iliyoje. Kila jina linasema maana yake, kila mstari unaanzia panapostahili. Nilisahau hata kunywa chai.

Mkongwe alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. Akasema pale penye "usiguse" angenishauri nipaache. Nikamuuliza panafanya nini. Akasema hakumbuki vizuri, ila kuna siku aligusa, wakajuta. Hiyo si hoja. Mstari usio na maelezo hauna haki ya kuwepo, ukurasa wa saba. Nikaufuta.

Jioni dada alirudi bado amenuna. Nikampangia kabati la vikombe kwa ukubwa ili afurahi. Akafungua, akachukua kile kikubwa, akakirudisha mbele pale pale kilipokuwa zamani.

Alhamisi, 7 Machi

Mkaguzi kawaka kijani! Hakuna kosa hata moja! Mkongwe ameidhinisha dakika ile ile niliyomtumia. Hakusoma, niliona kwa macho yangu. Nikamkumbusha mbele ya watu kwamba ukurasa wa tisa unakataza kuidhinisha usichokisoma na kukielewa. Akasema samahani, Kamishna, nitajirekebisha.

Skripti ikakusanya, ikajaribu, ikafunga, ikatuma, ikaandika mwishoni: IMEFANIKIWA. Nikamtumia dada ujumbe kwamba mashine yake imepona. Akajibu, Mungu akuweke, mdogo wangu.

Jioni. Mambo si mambo.

Namba zimejirudia kama kawaida. Na dada alikuwa ameshawatangazia watu waache kelele, leo imepona, mdogo wake kaitengeneza. Zilipotoka mbili mbili tena wakamcheka. Halafu mzee mmoja akapaza sauti: huyu anauza namba. Moja ya foleni, moja ya kumpa anayemtaka. Matroni, mkuu wa wauguzi, alikuwa anapita, akasikia. Amemwambia kesho mchana aende kujieleza, na funguo za dirisha aende nazo.

Dada alinisimulia akiwa amesimama, mkoba begani. Mtu ambaye hajawahi kupokea hata soda ya mgonjwa.

"Nimeitwa mwizi mbele za watu. Na wewe uliniambia tayari."

Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nimeshajua kilichotokea. Ule mstari wa "usiguse" ulikuwa unafuta kifurushi cha zamani kabla ya kufunga kipya. Bila huo, skripti inakuta cha zamani kipo, inaridhika, inakituma kile kile. Yaani leo tumewatumia wateja ugonjwa wao wenyewe, umefungwa vizuri ajabu.

Ijumaa, 8 Machi

Ofisini. Nimeurudisha mstari — jina zuri, maelezo kamili. Mkaguzi: kijani. Umebaki kuidhinishwa na Mkongwe. Nimemwambia ni haraka, ni dada yangu.

Akasema anasoma. Na kweli anasoma! Amechapisha kurasa zote kumi na mbili, kaziweka kando ya chungwa lake. Jibu la kwanza: maelezo yaanze na kitenzi. Nikarekebisha. La pili: jina lieleze nia, si tendo, ukurasa wa tano. Nikarekebisha. La tatu: kuna nafasi mbili baada ya nukta. Nikamwendea mezani. Nikamwambia kaka, nakuomba, idhinisha tu. Akasema hawezi kuidhinisha asichokielewa, nimeshamkanya juu ya hilo, ngoja aelewe kwanza. Hakukasirika wala hakutabasamu. Hilo ndilo linalonitisha.

Nikampigia bosi. Yuko safarini. Akasema tufuate viwango, ni vizuri sana.

Kliniki, mchana. Nimekuja mwenyewe kumwambia Matroni kwamba mwenye kosa ni mimi, si dada. Mlinzi kanizuia mlangoni: bila namba huingii. Nikasema sisi ndio tuliotengeneza mashine. Akasema basi unajua kuibonyeza. Nikabonyeza.

Arobaini na moja.

Nimekaa benchi la mwisho, naandika. Dada yuko dirishani, ameinamisha kichwa, funguo ziko juu ya meza mbele yake. Hajaniona. Mama aliyekaa karibu yangu, mwenye mtoto anayekohoa, amechungulia karatasi yangu. Akafungua kiganja chake. Arobaini na moja. Amefika kabla yangu, mtoto amelala na kuamka hapa hapa.

"Na wewe umempa nini?" kaniuliza.

Sikumwelewa.

"Yule dirishani. Umempa nini akakupa namba yangu?"

Nikaanza kumweleza kuhusu vifurushi, na mstari, na viwango. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kila aliyepewa namba ya mtu ana hadithi yake.

Simu imetetemeka. Mkongwe: ameelewa sasa, kazi nzuri, ila maelezo ya juu yamezidi herufi mbili, nikipunguza anaidhinisha. Kompyuta nimeiacha ofisini.

Wameita arobaini na moja. Mama ameinuka na mtoto wake, ananitazama aone kama nitathubutu. Wengine nao wamegeuka. Dada ameinua kichwa — ameniona, ameiona karatasi mkononi mwangu. Nyuma yake mlango umefunguliwa, Matroni amesimama hapo, anatuangalia wote.

Wameita tena. Bado nimekaa.