Usingizi wa Kiprono na wa Wafula

Elburgon, Jumanne, 1957

Bado najiuliza. Wiki iliyopita nilimkuta Kiprono amelala kando ya msumeno wa mashine. Nikamwita mvivu, nikamwambia bwana mwenye kiwanda cha mbao amfukuze. Leo nimemkuta ndugu yangu Wafula amelala palepale. Nilimfunika kwa koti langu.

Nilimsimulia mke wangu nikicheka. "Wafula amechoka, mtoto wake ni mgonjwa."

"Na Kiprono, ulimuuliza kwa nini alilala?"

Sikumuuliza. Ajabu ni kwamba siku ile nilijiona nyapara mwenye haki kabisa. Hata hasira yangu ilikuwa ya kweli.

Nikaenda kwao Kiprono. Mama yake, asiyenijua, akanikaribisha chai. Alisema Kiprono yuko Molo anatafuta kazi. Nilikunywa. Sikuthubutu kumwambia mimi ni nani.