Vidole vya Hanad

Garissa, Jumatano 14 Januari 2026

Abaayo Osob, dada yangu,

Assalamu alaikum. Hujambo wewe, watoto hawajambo, mbuzi nao? Sisi ni wazima, ila joto la mwaka huu halina adabu. Nakuandikia Kiswahili chetu cha bweni kama kawaida, maana simu yako inapita mikononi mwa mawifi wote wa Hadado, na Kiswahili chao kinaishia kwenye bei ya sukari.

Sikiza vituko. Jana Hinda kajipachika punje ya dengu puani. Dengu, Osob! Nikambana tundu la pili, nikampuliza mdomoni, ikaruka ikanigonga shavuni. Sijakaa sawa, Salah kaanguka kwenye ngazi ya tangi. Ana nundu kwenye paji la uso, anaitembeza shuleni kama cheo. Siku hizi sufuria ikidondoka tu jikoni nishasimama.

Na wewe mbona kimya? Watoto wako hawaanguki?

Abaayo wako,
Sirad

*

Hadado, Jumamosi 17 Januari

Abaayo Sirad,

Waalaikum salaam. Tuko, Alhamdulillahi. Mnara wa simu ulizimika, ndiyo maana ya kimya. Nimecheka dengu yako mpaka mama mkwe akauliza kama ni Shuaib ameandika. Shuaib gani! Mume huyo yuko Rhamu na vitunguu vyake, hata salamu hatumi.

Wanaanguka, abaayo. Juzi Hanad kaporomoka kutoka kwa punda wa maji, kaangukia mkono wa kulia. Hata hajamaliza kulia, Ayeeyo alikuwa keshafika. Unamjua mama mkwe, bibi yao huyu, watu wanamletea mifupa yao kutoka malisho ya mbali. Kaunyoosha, kampaka samli, kapanga vijiti, kafunga vitambaa, kisha akasoma dua. Akasema haufunguliwi mpaka yeye mwenyewe aufungue. Hapa wanaamini mtu mwingine akiufungua, baraka ya mikono yake inaondoka.

Usiku wa kwanza mtoto alilia sana. Jana kanyamaza, na Ayeeyo akamsifu mbele ya wageni, mwanamume kamili huyu. Vidole vimevimba, vina ubaridi kidogo, lakini maumivu yamekwisha. Nikimfinya anacheka, anasema hasikii kitu. Nadhani mfupa unaunga. Ila moyo wangu hautulii, sijui kwa nini.

Hooyo wa Hanad,
Osob

*

Garissa, Jumamosi 17 Januari, jioni

Osob, salamu baadaye. Fungua huo mkono.

Unamkumbuka kaka yangu Kulow, anavyoshika glasi ya chai kwa viganja viwili? Hukuwahi kuuliza, na sisi hatukuwahi kusema. Alifungwa hivyo hivyo akiwa mdogo. Alilia, kisha akanyamaza, tukamsifu ni jasiri. Ulipofunguliwa, vidole vilikuwa vimejikunja, mpaka leo havijanyooka. Mtoto asiyesikia ukimfinya hajapona! Damu haifiki!

Usingoje Shuaib. Usingoje ruhusa ya mtu. Kata vitambaa, umpeleke kwa nesi.

Nijibu.

Sirad

*

Garissa, Jumapili 18 Januari

Abaayo,

Hupatikani. Nimepiga mpaka simu imekuwa moto. Nimempigia mwenye duka wa Hadado, naye hapatikani. Nimemkaripia Salah kwa kosa ambalo hata mimi silijui, nikaenda kumwomba radhi, akanitazama kama mwendawazimu.

Najua ninachokuomba. Unaishi chini ya paa la yule mama, unakula anachopika. Mimi niko mbali, maneno kwangu ni rahisi. Lakini wallahi ningekuwa na mabawa ningekuja kuukata mwenyewe. Nambie tu umesoma.

Sirad wako

*

Wajir, Jumatano 21 Januari

Abaayo Sirad,

Assalamu alaikum. Tuko hai, usilie.

Maneno yako yaliingia Jumapili asubuhi, Ayeeyo akiwa kisimani. Nikavitazama vile vidole vizuri. Vilikuwa na rangi ya majivu. Nikachukua wembe. Hanad mwenyewe ndiye aliyekataa, akaurudisha mkono nyuma. "Hooyo, usifungue, Ayeeyo ataudhika." Sirad, mtoto anaogopa kumuudhi bibi yake kuliko anavyouogopa wembe. Nikamkalia miguu, nikakata.

Mwanzo hakuna kitu. Kisha damu ikaanza kurudi, akapiga ukelele mpaka majirani wakatoka nje. Mimi nalia, nasema Alhamdulillahi, lia baba, lia. Ayeeyo akaingia na dumu lake. Akaona vitambaa sakafuni. "Nani?" Nikasema mimi. Akaviokota kimoja kimoja, akavikunja, akatoka. Tangu hapo hajanipa hata neno.

Nesi akatutuma hospitali huku Wajir. Wamemfunga upya, kwa kulegea. Daktari anasema tungechelewa kidogo tu tungejuta. Kidole kidogo bado kimelala, vingine vina joto. Akasema pia mfupa wenyewe umenyooshwa vizuri sana, akauliza ni nani aliyeunyoosha. Sikumjibu, nilikuwa na hasira.

Shuaib kapiga simu, anataka niombe radhi. Niombe radhi kwa lipi? Kuna jirani keshasema nimemmaliza Ayeeyo, kwamba hakuna atakayempelekea mtu tena. Naogopa kurudi, na siwezi kukaa hapa.

Osob

*

Garissa, Alhamisi 22 Januari

Abaayo,

Nimesoma nimesimama, nikasoma tena nimekaa chini. Alhamdulillahi, Alhamdulillahi. Hinda ananiuliza nani amekufa, nikamwambia hakuna, mwanangu, hakuna.

Sasa nisikilize, na usininunie. Yule mama alikosea kufunga, hakukosea kunyoosha. Alichosema daktari ni haki yake kukisikia, na wewe umekikalia. Radhi usiombe kwa kuukata, ukiomba nitakugombeza. Lakini hilo mwambie.

Abaayo wako,
Sirad

*

Hadado, Ijumaa 6 Februari

Abaayo Sirad,

Assalamu alaikum. Salah na Hinda wazima, hawajapachika kitu kingine? Hapa hakuna mvua, lori la maji linakuja likitaka. Hanad hajambo. Kidole kidogo kinaanza kukunja, bado kizito.

Nilikununia siku mbili, ujue. Kisha, tuliporudi, nikamwambia Ayeeyo, mgongo wake ukiwa umenielekea, anasonga ugali. Nikasema daktari wa Wajir alisifu mfupa, akataka kujua ni nani fundi. Hakugeuka. Akaendelea kusonga mpaka ugali ukawa jiwe, na sote tukaula hivyo hivyo.

Hakuna aliyeleta mtoto. Alikuwa anakaa mlangoni tangu asubuhi na vitambaa vyake vimekunjwa pajani, na mimi napita na kurudi, napita na kurudi, sina pa kuweka macho. Nilitamani anitukane, angalau tumalize.

Jana wakamleta Kadar, mtoto wa jirani yule yule mwenye maneno. Mguu umepinda. Ayeeyo kanawa mikono, kaunyoosha, kapaka samli, kapanga vijiti, kaanza kufunga. Mimi nikajificha jikoni, nikisikiliza kile kitambaa kinavyovutwa.

Kikaacha kuvutwa. Kisha nikasikia sauti yake, kali kama zamani, nyumba nzima ikasikia na jirani pia akasikia:

"Osob! Mbona umejificha? Njoo uniangalizie vidole."

Abaayo wako,
Osob