Kidimbwi Ambacho Hatukukilima

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Ilembo hatujambo; mama yako amemaliza kuvuna na anakusalimu. Umeuliza kwa nini kidimbwi kilicho katikati ya majaruba yetu ya mpunga hakijawahi kulimwa. Mimi nami nimejiuliza miaka mingi kama nilikosea kukitetea.

Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu. Kidimbwi kilikuwa kimekauka, na baba alitaka kupanda mpunga pale. Nikamwambia kwamba ndani ya udongo ule mkavu kuna mayai ya samaki.

"Mwanangu, huko chuoni mnafundishwa kuvua kwenye vumbi?"

Nikaloweka udongo kidogo wa pale kwenye karai la maji ya kisima. Kesho yake waliogelea humo visamaki wembamba kama nyuzi. Baba alichuchumaa akawatazama sana, kisha akaweka jembe begani. "Siwezi kulima juu ya watoto wa watu."

Kila masika madume yao hung'aa kwa rangi nyekundu na buluu, nami sijachoka kuwastaajabia. Lakini mwaka ule tulipungukiwa chakula, na majaruba ya jirani, yanayolimwa kila mwaka, nayo yana samaki hao hao. Pengine jembe lisingewaangamiza. Sijui, kwa kuwa njia pekee ya kujua ni kukilima, na hilo siliwezi.

Bibi yako